Pipa la Watu Wawili

Lile pipa la plastiki lilikaa jikoni kwangu, nyuma ya mlango, mpaka nikazoea kulipita kiubavu kama unavyompita mgeni asiyejua kuaga. Lilikuwa la mume wangu na mdogo wake, mafundi wa kuchomelea mageti, na pombe iliyokuwamo waliipika wenyewe kwa kimea, maji, sukari na hamira. Tangu ujana walikuwa na sheria yao: mmoja anafunga kifuniko, mwingine ndiye anayefungua. Aliyefunga hagusi tena. Hivyo hakuna aliyewahi kunywa peke yake, na hilo walilipenda kuliko pombe yenyewe.

Safari ile aliyefunga alikuwa mume wangu. Wiki hiyohiyo shemeji akapata kazi mji mwingine.

"Nakwenda mara moja tu," alisema, hata koleo lake la kushikia vyuma akaliacha likining'inia kwenye ukuta wa karakana. "Ikiiva nitakuwa nimesharudi."

Pombe ile huiva kwa wiki mbili. Ikaiva. Shemeji akapiga simu: mwezi ujao. Mwezi ujao nao ukazaa mwezi ujao mwingine. Mvua zikanyesha, zikakatika, zikarudi.

"Hamishia kwenye chupa basi," nilimwambia mume wangu. "Ikikalia machicha yake inaharibika. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha."

"Kufungua ni zamu yake."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Mvumilivu hula mbivu, mke wangu."

"Hula mbivu. Hanywi siki."

Akacheka, akaenda zake kazini. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, wala haikuwa ya pombe. Mteja akitaka geti kubwa alirudishwa, eti hiyo ni kazi ya watu wawili na mdogo wake yuko njiani. Fundi jirani, mtu mzima mwenye mkono mzuri, alikuja kuomba wafanye kazi pamoja, akajibiwa kwamba nafasi ina mwenyewe. Koleo likashika kutu ukutani na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mpaka maji ya kwenye mrija uliopinda juu ya kifuniko, yale yanayozuia hewa isiingie, yakakauka. Nilipomwonyesha, alisema kuyajaza nako ni kugusa. Mwanamume mzima, ndevu zina mvi!

Shemeji akaja hatimaye, Jumapili mchana, shati limepigwa pasi. Mume wangu alikuwa ameosha glasi kwa mkono wake, kitu ambacho hajanifanyia mimi tangu anioe.

"Karibu, mdogo wangu. Zamu yako."

Shemeji akalitazama pipa. "Bado mnalo?" Akafungua. Harufu ya siki ilinifikia pale nilipokuwa nimesimama, na juu ya pombe kulikuwa na utando mweupe. Mume wangu akausogeza pembeni kwa kata, akajaza glasi mbili, akamnyooshea mwenzake moja. Haikupokewa.

"Kaka, mimi niliacha pombe."

"Lini?"

"Kitambo. Mwaka uleule niliohama. Na kule nina karakana yangu sasa. Nilidhani mnajua."

"Tungejuaje, shemeji?" niliingilia. "Tungeota?"

"Kila simu ulisema mwezi ujao," mume wangu alisema polepole.

"Nilishindwa kukwambia hapana, kaka."

Mume wangu akainua glasi yake akainywa yote, bila kukunja uso. "Imeiva," alisema. Nikageukia sufuria zangu, maana nilikuwa nalia na sikutaka shemeji apate hata hilo. Yeye alikunywa soda, akauliza habari za majirani, akaondoka jua likiwa bado juu.

Asubuhi yake nilikuta kona ya nyuma ya mlango ni tupu. Nikamfuata mume wangu karakana. Pipa lilikuwa pale, na yeye alikuwa analitoa humo koleo la mdogo wake, alilokuwa amelilaza usiku kucha. Siki hula kutu. Akalisugua kwa brashi ya waya mpaka likang'aa, akalipangusa kwa kitambaa, akalifungua na kulifumba mara kadhaa. Kisha akatoka nalo mpaka kwa yule fundi jirani.

"Kuna geti kubwa la kutengeneza," alimwambia, akimkabidhi koleo. "Shika hili. Halina mwenyewe."