Aliyeshika Ngazi

"Kusalimia! Eti kusalimia! Uliachilia ngazi ya bwana yangu juu ya kusalimia?"

"Mama Arielle, alikuwa bokilo. Mama ya bibi yangu."

"Hata angekuwa askofu!"

Mama Arielle alikuwa ameujaza mlango wote, mwiko wa bugali mkononi. Fabien, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alisimama uani ameshika kofia. Nyuma ya ua watu walikwisha kusogea. Mtaani kwao hakuna anayeanua nguo polepole vile, isipokuwa kuna makambo ya kusikiliza.

Na jambo lenyewe kila mtu alilijua. Gaël, mume wa Mama Arielle, alikuwa mkaguzi wa majengo: alipanda kuangalia mbao za paa na nyufa kabla watoto hawajarudishwa shuleni. Kazi ya Fabien ilikuwa chini, kukanyaga mguu wa ngazi na kuishika. Siku ile, wakiwa kwenye baraza ya shule, mama mkwe wake akatokea barabarani, ametoka Kpandroma na mzigo kichwani. Mkwe hasalimiwi kwa mkono mmoja, wala hapigiwi kelele kutoka mbali kama mwenye pikipiki. Fabien aliachilia ngazi, akashuka barazani, akainama, akatoa mikono yote miwili. Hajainuka bado, ngazi ikateleza kwenye simenti.

Sasa Gaël mgongo umevunjika, na miguu yake haisikii hata maji ya moto. Tangu atoke hospitali, Fabien hajamwona. Alitaka kitu kimoja tu: asikie kwa mdomo wa Gaël kama wao bado ni ndugu.

"Rudi kwako," alisema Mama Arielle. "Bokilo anakungojea. Umusalimie vizuri."

Mtu akacheka nyuma ya ua. Fabien akavaa kofia, akageuka.

"Fabien." Sauti ilitoka ndani, nyembamba, ya mtu aliyelala chali. "Ule muzee mama, iko namna gani?"

"Analia tu. Anakataa kukula kwangu."

Mlangoni mwiko ukashuka.

"Bokilo yangu naye anapitaka ile barabara," Gaël akasema. "Kama ni weye ulikuwa juu, na miye chini..." Akakohoa. "Sijakusamehe. Unasikia?"

"Minasikia."

"Basi. Mama Arielle, toka kwa mulango. Mutu hasimame inje na bugali inapoa. Ingia, ndugu. Nawa, tukule."