Nguzo ya Nne

Saa kumi na moja na dakika hamsini asubuhi, Jumanne tarehe 14 Oktoba, chungwa lilibingirika juu ya meza ya Nsimire na kuanguka upande wa mashariki. Nsimire alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Hakuliokota. Alishuka hadi chumba cha chini ya ardhi kuona kama Théodule Marchessault amefika.

Alikuwa amefika. Alisimama kati ya boila na ukuta, mikono juu, viganja chini ya boriti. Kofia yake ilikuwa juu ya boila.

"Umechelewa, Papa. Chungwa imeshaanguka."

"Wa Columbus hawakuniachilia," alijibu.

Marchessault alizaliwa Trois-Rivières, Kanada, mwaka 1871, akafa Buffalo mwaka 1931. Alisanifu majengo kumi na manne nchini Marekani. Kumi na moja yamebomolewa, mengi ili kupata nafasi ya kuegesha magari. Yamebaki matatu: hosteli ya wasichana Louisville, shule Columbus, na nyumba hii ya masista katika Lower West Side, Buffalo. Yote yamegawanywa vyumba vya kupangisha na yote ni ya kampuni moja. Mwaka 2019 kampuni ilibadilisha maboila. Ili mashine zipite, ilikata nguzo moja kati ya nne za chuma katika kila jengo. Tangu hapo Marchessault husimama mahali pa nguzo. Wapangaji Wakongo na Warundi ndio wanaozungumza naye, na huwaambia kwamba Kifaransa chao ni cha mapadri. Baada ya miaka sita anaelewa Kiswahili, ila hujibu kwa Kifaransa.

Hawezi kusimama katika majengo matatu kwa wakati mmoja. Tarehe 3 Machi alikuwa Columbus, na sakafu ya Louisville ikaporomoka. Eliezer, kaka yake Nsimire aliyepanga humo, sasa anaishi Shively, pembezoni mwa Louisville, kwa mwanawe na anatembea kwa magongo. Kampuni iliandika kwamba chanzo kilikuwa friji ya Eliezer.

Nsimire ameipelekea kampuni picha za chumba cha chini mara nne. Jibu ni lile lile: picha zinaonyesha nguzo nne, zote wima.

Siku hiyo mkaguzi wa bima ya kampuni alitarajiwa saa tatu kamili. Angeona pengo, kampuni ingelazimika kuweka nguzo mpya ndani ya siku kumi, na Marchessault angeweza kubaki Columbus, kwa Alliance, mdogo wake Nsimire.

Methodi, Mrundi wa orofa ya kwanza, alishuka na timazi aliyoitengeneza kwa uzi na nati.

"Shikamoo, mzee."

"Bon, Papa," alisema Nsimire. "Leo utatoka. Mkaguzi aone ile fasi haina kitu."

"Unaniomba nionyeshe kazi mbovu."

"Kazi yako haiko mubaya. Ni bale balikata nguzo."

"Au utakaa hapo mpaka ufe tena?" aliuliza Methodi.

Marchessault aliomba chaki. Aliachia mkono mmoja, akapiga hesabu ubavuni mwa boila. Bila yeye, boriti hii ingestahimili dakika arobaini, ya Columbus saa chache. Kuhusu dakika ya arobaini na moja alikataa kusema lolote.

Saa tatu kasoro dakika moja wapangaji kumi na tisa walikuwa barabarani na mablanketi yao. Saa tatu kamili Marchessault alichukua kofia yake, akatoka chini ya boriti.

"Mbili," Methodi alisoma. Alikuwa akihesabu milimita ambazo boriti imeshuka.

Mkaguzi hakufika. Saa tatu na robo alipiga simu kusema yuko njiani. Dakika ya ishirini na nane plasta ilianza kudondoka.

"Kumi na nne."

Marchessault alishika kofia kwa mikono miwili.

Dakika ya thelathini na sita Séphora, binti wa Nsimire, alipiga kelele kutoka mlangoni. Bibi Mukandoli, mpangaji wa orofa ya tatu, amerudi juu kuchukua dawa zake za presha.

"Nani alimuacha apande?"

"Alisema anaenda chooni, Mama!"

Bibi Mukandoli hushuka ngazi zile kwa dakika kumi na moja.

"Ishirini na mbili," alisema Methodi.

Nsimire alitazama mlango wa barabarani, kisha boriti.

"Ingia, Papa."

Marchessault aliweka kofia juu ya boila, akaingia. Boriti ilipanda hadi mahali pake.

Saa tatu na dakika arobaini na moja mkaguzi alishuka. Aliomba radhi, Grant Street kulikuwa na foleni. Alimulika tochi, akaweka pimamaji kwenye boriti, akagonga kila nguzo mara mbili. Alipofika kwa Marchessault, alimgonga kifuani.

Nsimire alimwambia kwa Kiingereza kwamba ile ya nne ni msanifu wa jengo. Mkaguzi alipekua fomu yake. Alisema haina sehemu ya msanifu, ina sehemu ya nguzo tu. Aliandika: nguzo nne, imara, ya nne inahitaji rangi.

Saa nne na dakika tano alibandika cheti mlangoni, cha miaka mitano. Bibi Mukandoli alikuwa amefika ngazi ya mwisho, dawa mkononi.

Saa nne na dakika saba Alliance alipiga simu kutoka Columbus. Aliuliza kama mzee Marchessault ameshatoka.

Nsimire alisema hapana.