Asiyetajwa

Ukurasa ulikatika palepale paliponoga. "Na pakiti ambayo haikutajwa na mstari wowote wa orodha," kitabu kilisema, na mwanamke akageuza ukurasa kwa pupa, akajikuta yuko kwenye sura nyingine kabisa yenye michoro yake. Aliyetoa nakala ya kitabu hicho alikuwa na haraka zake, na haraka haraka haina baraka. Kila baada ya kurasa kadhaa, upande wa nyuma haukupita kwenye mashine.

"Haikutajwa, halafu?" mumewe aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Halafu hakuna. Kimeishia hapo."

Kazini walimwita Mama Nyaya. Alikuwa fundi wa mtandao hospitalini, na hapakuwa na dari ambayo hakuipanda wala ukuta ambao hakuutoboa kupitisha waya. Sasa hospitali ilikuwa imeletewa mitambo mipya, bado iko ndani ya maboksi yake, na kampuni iliyoitengeneza ilikuja na sharti: asiye na cheti chetu asiiguse. Mkuu wa kitengo alimwambia bila kumung'unya maneno. Akifaulu mtihani wa kampuni, kazi ni yake. Akishindwa, anakuja mtu wa nje mwenye cheti, na yeye anarudi masjala kubeba mafaili. Nafasi ya mtihani ilikuwa moja tu, hospitali isingemlipia tena.

Kusoma ndiko kulikokuwa na kazi. Kitabu halisi kilikuwa adimu kama maziwa ya kuku. Video za masomo zilikula bando kabla mwalimu hajamaliza kujitambulisha. Ruta za hospitali, zile mashine za kuelekeza taarifa njia ya kupita, zilikuwa kazini saa zote, na mtu hachezei bomba ambalo watu wanalinywea maji. Lakini penye nia pana njia. Mama Nyaya aliigeuza nyumba yake kuwa mtandao.

Mumewe, fundi cherehani, alikuwa ruta ya mlango wa jikoni. Mama mkwe, ambaye watoto walimwita Bibi na baada ya muda kila mtu akamwita hivyo, alikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa sebule akawa ruta kuu. Kifungua mimba alikuwa kompyuta ya chumbani na kitinda mimba kompyuta ya jikoni. Pakiti, yaani vifurushi vya taarifa vinavyosafiri mtandaoni, zilikuwa vipande vya vitambaa vilivyobaki kwenye kushona, vikiandikwa kwa chaki vinatoka wapi na vinakwenda kwa nani. Kila jioni kabla ya chakula, vitambaa vilipita mkono kwa mkono nyumba nzima, na jirani aliyechungulia alidhani wamepata wazimu wa familia.

Bibi alikuwa na kipaji. Alikumbuka kila anayekaa wapi, njia ipi imefungwa, nani apitie kwa nani. Wakwe hawa wawili hawakuwahi kuzungumza sana kabla ya hapo. Bibi alihamia kwao baada ya kufiwa na mumewe, na siku aliyofika, Mama Nyaya alimuuliza mume chumbani kwa sauti ya chini, "Atalala wapi?" Mume akasema kwa watoto. Mama Nyaya akasema sawa. Kuta za nyumba ile ni nyembamba. Hakusema hapana, na hilo alijihesabia kuwa wema. Tangu hapo waliamkiana vizuri, wakaambiana chumvi imekolea au haikukolea, basi.

Sasa wote walikuwa wanamtazama yeye na ukurasa wake uliokatika.

"Sikilizeni," akawaeleza. "Ruta unaweza kuipa orodha, kama mlinzi wa geti. Fulani apite, fulani asipite. Sasa anakuja mtu ambaye orodha haikumsema, si kwa kheri wala kwa shari. Mlinzi afanye nini?"

"Amrudishe alikotoka," mume akasema, miwani puani.

"Wewe nawe!" Bibi akageuka kitini. "Asiyetajwa ana kosa gani? Mwenye kosa si ametajwa? Ametajwa, amekatazwa, kwisha habari yake. Huyu mwingine ni mgeni. Apite."

Watoto wakaunga mkono, maana Bibi ndiye aliyewapa maandazi. Mama Nyaya akacheka. Hoja ilikuwa na kichwa na miguu, tena tamu masikioni: kama umemtaja mkorofi, umebakiza nini tena? Alikusudia kulitafuta jibu kwenye intaneti, lakini bando lilikuwa dogo na mambo asiyoyajua yalikuwa mengi, na hili lilionekana limekwisha. Jioni baada ya jioni Bibi alimzuia aliyekatazwa na kuwapitisha wengine wote kwa bashasha, "Karibu, pita, pita." Fundisho likaingia kichwani kwa sauti ya Bibi, likakaa.

Wiki moja kabla ya mtihani, asubuhi, maabara walilalamika kwamba mtandao unakokota. Mama Nyaya akachunguza, akakuta kompyuta moja ya stoo inapakua filamu. Akaingia kwenye ruta ya zamani, ambayo bado aliruhusiwa kuigusa, akaandika orodha yenye mstari mmoja: kompyuta ya stoo isipite. Akajaribu kutoka stoo. Haikupita. Akajipongeza moyoni kwamba kusoma kunalipa.

Wengine hakuwajaribu. Nani anajaribu kama mgeni asiye na ugomvi ataingia?

Simu ya kwanza ilitoka duka la dawa. Ya pili mapokezi. Kisha maabara wenyewe, ambao sasa hawakuwa na mtandao wa kukokota wala wa kukimbia. Foleni ya wagonjwa ikarefuka hadi nje, mtu mmoja akauliza kwa ukali kama kompyuta zimegoma au wahudumu ndio wamegoma, na daktari akapita mbio na karatasi ya majibu mkononi. Mama Nyaya akarudi kwenye ruta, akautoa ule mstari, na hospitali ikarudi.

"Nani ameshika?" mkuu wa kitengo aliuliza mlangoni.

"Mimi, mkuu."

"Umefanya nini?"

"Nimezuia kompyuta moja."

"Moja!" Mkuu alifoka. Hakuwa mtu mbaya, ila siku hiyo alikuwa ametukanwa na watu wakubwa kuliko yeye. "Jina lako nimeshalipeleka kwenye mtihani, siwezi kulirudisha. Lakini ukifanya hivi kule, usije kunisimulia. Nenda moja kwa moja masjala."

Alijifungia kwenye chumba cha mitambo, akatumia bando lake lote kutafuta ukurasa uliokatika. Ulikuwa maneno machache tu. Mwisho wa kila orodha pana katazo ambalo haliandikwi na wala halionekani: asiyetajwa hutupwa. Ukitaka wengine wapite, ni lazima uandike mwenyewe, mstari wa mwisho, kwamba wengine wote wapite.

Aliondoka kazini amefura. Kwa kweli alijikasirikia mwenyewe, lakini hasira haipendi kukaa kwa mwenyewe, hutafuta jirani. Akamkuta Bibi ameshajiweka kwenye kiti chake, vitambaa mapajani, tayari kwa jioni.

"Mama, umeniponza! Hospitali nzima imezimika leo kwa ajili ya huyo mgeni wako wa karibu, pita, pita. Kazi inaniponyoka hivi hivi naiona. Mtandao si sebule yako! Ambaye jina lake halipo haingii. Aje analia, aje amebeba mzigo, haingii. Basi."

Ulimi hauna mfupa. Mume alisimamisha cherehani. Watoto wakatazamana.

"Nimesikia," Bibi akasema. "Haya, leteni. Tuanze tena."

Wakaanza. Na jioni ile, na zote zilizofuata, Bibi hakukosea hata mara moja. Kitambaa kilichokuja bila kutajwa alikiangalia pande zote mbili, akakiachia sakafuni. Hakutania tena. Vitambaa vikalala miguuni pake, na kitinda mimba akija kuviokota alimwambia, "Viache, baba. Ndiyo sheria." Mama Nyaya aliona, lakini alijiambia mtihani kwanza. Mengine yatasemwa baadaye.

Siku ya mtihani mume alimsindikiza hadi kituoni. Njiani alikohoa mara mbili tatu, kama afanyavyo akiwa na neno.

"Nilikatazwa nisikwambie, nisije nikakuharibia. Ila siwezi kukaa nalo. Mama amenitaka nimpeleke kwa dada. Anasema ukishamaliza mtihani wako, kazi yake hapa imekwisha."

"Kwa dada? Dada ana chumba kimoja na watoto wanne!"

"Nimemwambia. Amesema huko angalau alialikwa."

Mama Nyaya aliingia kwenye chumba cha mtihani na neno hilo. Wakamkagua mifuko, wakamvua saa, wakamkalisha mbele ya kompyuta iliyozungushiwa mbao pande mbili. Maswali yalikuja. Mengine aliyajua, mengine aliyakisia, na machache yalimtoa jasho. Katikati likaja la vitendo: ofisi yenye kompyuta nyingi, moja izuiwe isifike kwenye mashine kuu, nyingine zote zifike.

Akaandika mstari wa kuzuia. Vidole vikasimama. Aliijua sheria sasa, angeweza kuisema usingizini, lakini ni hapo tu, kwenye kiti cha watu, ndipo alipoiona ilivyo. Kukataa hakuhitaji kuandikwa. Kukataa kupo tayari, kumekaa kimya mwisho wa orodha, na mwenye orodha anaweza kuapa kwamba hakumfukuza mtu. Hakuandika kitu, si ndiyo? Na yule aliye nje ya mlango hujua tu kwamba hapiti. Mama Nyaya hakusema hapana siku ile Bibi alipofika. Hakuhitaji kusema. Kukaribisha ndiko kunakotaka mtu aandike, au afungue kinywa chake.

Machozi yalimjia, akayafuta haraka kabla msimamizi hajadhani anaibia. Akaandika mstari wa mwisho, wengine wote wapite. Safari hii akajaribu kompyuta moja baada ya nyingine, zote, mpaka ya mwisho kabisa ya pembeni. Zote zilipita.

Alifaulu. Si kwa kishindo, lakini alifaulu, na karatasi aliyopewa ilisema hivyo. Alimpigia mkuu wa kitengo, naye akasema, "Kesho tunafungua maboksi," kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba alikuwa anamwombea. Mama Nyaya akashukuru na kukata simu. Hakukawia njiani.

Nyumbani alikuta begi limefungwa, liko karibu na ukuta. Bibi alikuwa anakunja shuka lake la mwisho kitandani kwa watoto.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu, mama."

"Alhamdulillahi. Nilijua tu." Bibi akaendelea kukunja. "Basi na mimi nimepumzika."

Mama Nyaya alikaa kitandani, juu ya ncha ya lile shuka, hata likashindwa kukunjika. Njia nzima alikuwa amepanga maneno mazuri ya kutosha, na sasa hakuna lililokuja. Yakaja mengine.

"Mama, siku ulipokuja hapa sikukukaribisha. Ulisikia nilichouliza. Nilijua umesikia, nikanyamaza nikidhani kunyamaza si kitu."

Bibi akaacha kukunja. Alikuwa ameshika ncha ya pili ya shuka.

"Nasema sasa. Karibu, mama. Hapa ni kwako. Sitaki uende kwa wifi, sitaki uende popote. Na yale niliyosema wiki iliyopita nisamehe, yalikuwa ya ruta, hayakuwa yako."

"Yalikuwa yangu pia," Bibi akasema.

"Yalikuwa yako pia," akakubali, na kulia kukaanza, kwa sauti, bila haya, kitinda mimba akisimama mlangoni kinywa wazi.

Bibi alimtazama mkwewe. Kisha akaketi kando yake, polepole, kwa sababu ya magoti.

"Umechukua muda kulisema," akamwambia. "Liseme tena, sikio hili la kushoto ni zito."