Pipa la Tatu la Gheseke

Usiniambie wivu ni dhambi. Naijua dhambi hiyo, nimelala nayo na kuamka nayo tangu Gheseke apewe mapipa yake mwenyewe.

Misimu kumi na mmoja alikaa benchi moja na mimi hapa ufukweni Skanör, soko la samaki ng'ambo ya bahari, kwenye uwanja wetu sisi watu wa mji wa Lübeck. Yeye anapasua samaki wa heringi na kutoa matumbo, mimi napanga pipani na kutia chumvi. Kila vuli ananiomba, "Dada Wobbeke, niachie safu moja tu, hata ya chini." Namjibu, "Wewe pasua samaki." Mwaka huu mwenye mapipa akampa benchi la pili, karibu yangu kabisa, apange mwenyewe. Mimi nikaletewa bibi mmoja wa mji wa Wismar, haoni vizuri, anakata vidole vyake zaidi kuliko samaki. Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi!

Kila mfanyabiashara aliyepita alisimama kwake. "Gheseke, mikono yako ina baraka!" Naye anacheka, meno yote nje. Roho iliniuma.

Basi siku mkaguzi alipokuja na chuma chake cha moto kupiga chapa ya mji, nikamvuta pembeni. Bwana Tideke huyo, mtu mkali.

"Lile pipa la tatu la Gheseke, lifungulie chini," nikamwambia. "Juu kaweka wanono, chini kajaza waliokwisha kutaga, mifupa mitupu. Nimeona kwa macho yangu."

Sikuwa nimeona kitu. Lakini mpangaji akikutwa na pipa la namna hiyo, pipa huchomwa moto mbele za watu, na yeye hufukuzwa ufukweni asirudi maisha. Hilo ndilo nililolitaka.

Pipa likapinduliwa, fundi akang'oa ubao wa chini. Watu wakajaa. Gheseke kasimama, mikono kaifuta kwenye aproni, ananitazama mimi tu.

Loo! Heringi wanono watupu, vichwa vimeelekea pembeni, safu moja imekatisha nyingine kama mkeka, na katikati mmoja amekunjwa kuziba tundu. Huyo wa katikati ni wangu! Ufukwe mzima hakuna anayemkunja hivyo. Mkunjo huo niliubuni mimi, kabla Gheseke hajajua hata kushika kisu.

"Hili ndilo pipa!" akasema Bwana Tideke. "Nani kakufundisha, binti?"

"Hakuna mtu, Bwana. Nimejua tu mwenyewe."

Damu ikanipanda kichwani. "Mwongo mkubwa we!" nikapiga kelele. "Kumkunja wa katikati kakuonyesha nani? Mkono wangu huo! Kila safu humo ni yangu, huna lako hata moja!"

Mtu mmoja akaangua kicheko. Bwana Tideke akanigeukia.

"Kumbe kazi yake unaijua vizuri hivyo, Mama Wobbeke. Sasa wale mifupa mitupu uliwaona wapi?"

Mdomo uliponza kichwa. Adhabu ya msingiziaji ni ileile ya mdanganyifu: meli ya kwanza ya Lübeck, na Skanör nisionekane tena.

Nilikuwa nafunga virago Gheseke alipokuja. Nilijua amekuja kunicheka.

"Dada, si ungenyamaza tu?" akasema, machozi yanamlengalenga. "Nilisema makusudi kuwa hakuna aliyenifundisha. Ningekutaja, wangejua kazi yangu unaifahamu vizuri, na kwamba umenizulia tu. Nilitaka waseme umeona vibaya, basi, yaishe."

Ningemshukuru, ningemwomba radhi, njia ilikuwepo. Lakini nilichokiona pale ni kimoja tu: hata kwa wema amenishinda. Nikamwambia atoke.