Ukuta wa Watu wa Maji

Mvua zilipokataa mwaka wa tatu mfululizo, Mwandu alikuwa amebakiwa na ng'ombe kumi na saba kati ya arobaini. Alikuwa mchimba visima, na vijiji vingi vya upande wa Mwanhuzi vilikuwa vikinywa maji aliyoyapata yeye. Safari hii alijichimbia mwenyewe, katikati ya mto uliokauka, akisaidiwa na mdogo wake Limbu.

Siku ya tano sururu ya Limbu iligonga jiwe. Walipolisafisha wakaona ni ngazi. Vidato vyake vilikuwa vipana kuliko unyayo wa mtu yeyote waliyemjua.

"Kaka, hizi zilichongwa na nani?" Limbu aliuliza.

Marehemu mama yao alizoea kuwasimulia habari za watu wa maji, waliolima mtama nchi kavu mchana na kulala chini ya maji usiku, enzi ziwa lilipofika mpaka huku. Wao waliziona ni hadithi za kubembelezea watoto.

Waliondoa mchanga siku mbili, ukatokea mlango. Wakawasha tochi, wakaingia. Vyumba vilichongwa ndani ya mwamba wenyewe, na vitanda vyake vilikuwa na shimo katikati, kama hori la kunyweshea ng'ombe. Kila kitanda kilikuwa na mfereji mwembamba wa kukiletea maji. Kutani kulikuwa na picha za samaki, mashuke ya mtama, na watu ambao vidole vyao viliungana kwa ngozi kama miguu ya bata.

Chumba kilifuatwa na kingine chini yake, na ngazi nyingine tena. Kadiri walivyoshuka picha zilipungua, vyumba vikawa vidogo. Cha nne hakikuwa na picha hata moja, ni alama za tindo tu, zilizokwenda ovyo. Mwandu alizipapasa.

"Walikuwa wanayafuata maji," alisema. "Yalishuka, nao wakashuka. Hapa walikuwa na haraka."

Haraka hiyo aliijua. Mikono yake ilikuwa nayo tangu Agosti.

Watu wenyewe waliwakuta katika chumba cha mwisho. Mifupa mikubwa ilikuwa imelala kuzunguka hori moja, na ndani ya hori ilikuwamo midogo, imebanana. Limbu alivua kofia. Ukuta wa mbele ulikuwa umewahi kutobolewa, kisha tobo likazibwa kwa mawe na udongo mgumu. Juu ya udongo huo mtu alikuwa amegandamiza kiganja chake ungali mbichi, vidole vitano na ngozi katikati. Chini ya alama hiyo ukuta ulikuwa unatoa jasho.

"Maji," alisema Limbu.

"Nimeona."

"Basi tubomoe."

"Limbu, mwenye kiu hazibi maji. Hawa walifungua, wakaziba. Jiulize kwa nini."

"Wametuwekea akiba. Huoni mkono huo? Mtu anakukaribisha."

"Au anakuzuia."

Limbu aliitazama mifupa, kisha akamtazama kaka yake. "Leo asubuhi yule ng'ombe mwekundu nimemwinua mara tatu. Mara ya nne hakuinuka. Wewe endelea kusoma ukuta."

Mwandu ndiye mkubwa. Angesema hapana, Limbu angeiweka sururu chini, maana ndivyo walivyolelewa. Lakini alimfikiria mkewe, Generoza, aliyetoka nyumbani alfajiri kutafuta ndoo moja ya maji. Akanyamaza. Limbu akauchukua ukimya ule kuwa ruhusa.

Maji yalitoka meupe, ya baridi. Limbu aliyakinga kwa viganja akanywa mpaka pumzi ikamwishia.

"Matamu, kaka. Kunywa."

"Nitakunywa," alisema Mwandu. Alijaza ndoo, akapanda nayo juu, akaiweka kivulini. Generoza na Esteria, mke wa Limbu, walikuwa wameshaleta ng'ombe ukingoni. Aliwaambia wasiguse mpaka jioni.

Mchana Limbu alianza kulalamika kiu. Alipewa maji ya nyumbani akayatapika. Midomo ikapasuka, kisha ngozi ya mikono, bila damu, kama tope la lambo lililokauka. Waliita pikipiki impeleke zahanati. Esteria alikaa nyuma yake akimshikilia, na kabla hawajaifikia barabara kubwa alihisi uzito wake umebadilika. Alimwambia dereva ageuze.

Walimzika kesho yake. Watu wakiwa bado msibani, habari za maji zilishaenea, na Mwandu alipofika mtoni akamkuta jirani yake Ngassa na ndoo mbili.

"Mwangaluka, Mwandu. Pole sana. Naomba nichote kidogo tu, kwa ajili ya ndama."

"Rudisha ndoo, Ngassa. Kaniletee saruji."

Ngassa alimtazama usoni, akaenda. Wakaziba pamoja, saa nyingi, mifupa ikiwa nyuma yao. Walipomaliza Mwandu alimwaga ile ndoo yake mchangani, akaona mchwa wakiyakimbia maji hayo.

Esteria alikuwa akimsubiri nyumbani na furushi la nguo. Alikuwa anarudi kwao Nkololo.

"Shemeji, nina swali moja," alisema. "Yeye alikunywa. Wewe hukunywa. Kwa nini?"

Generoza aliacha kupepeta. Mwandu angeweza kusema hakuwa na kiu.

"Nilikuwa nasubiri kuona," alisema.

Esteria aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua. Mwandu alimwambia achague ng'ombe wanane, walikuwa haki ya Limbu. Esteria hakuwageukia. Alijitwika furushi lake, akaenda.

Wiki hiyo Mwandu na Generoza waliswaga ng'ombe kuelekea Mkula, karibu na ziwa. Kumi na mmoja walifika.