Figo ya Kaka

Nilitambaa kutoka chooni, nikalaza shavu kwenye saruji baridi ya ukumbini. Hapo nikamsikia shangazi akimwambia kaka kwamba ni tumbo la kuendesha tu, litakatika lenyewe. Kaka hakubishana naye. Alinibeba mgongoni hadi barabarani kutafuta gari, homa yangu ikimchoma shingoni.

Mwaka uliotangulia alikuwa amenipa figo yake. Kaka ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alifunga karakana kwa miezi, na aliporudi kazini hakuweza tena kuinua geti peke yake. Mimi nilirudi nyumbani na vidonge vya kuutuliza mwili usije ukaikataa figo ngeni. Daktari alinieleza bila kuzungukazunguka: vidonge vinailinda figo, lakini vinaudhoofisha mwili mbele ya kila kijidudu. Ugonjwa wa tumbo unaompitia mwenzangu kwa siku mbili unaweza kunizika mimi. Nisile kibichi, nisinywe kisichochemka.

Shangazi, aliyetulea tangu mama alipofariki, aliyasikia yote hayo akacheka. Alisema nimekuwa yai la kubebwa kwenye pamba. Asubuhi moja akaniletea kikombe cha maziwa yaliyotoka kukamuliwa kwa jirani. Nilimuuliza kama yamechemka.

"Yamechemka, mwanangu. Mimi nikudanganye wewe?"

Nikanywa.

Wodini daktari alisema ni salmonela, bakteria wa utumbo. Kwangu hawakuishia tumboni. Walipenya wakaingia kwenye damu. Dawa ziliwamaliza, lakini figo ilikwenda nao. Daktari alipong'ang'ania kujua nilikula nini, shangazi alisema, kwa sauti ya mtu aliyeonewa, kwamba aliyapasha moto kidogo tu, maana maziwa yakichemka nguvu yake yote huisha.

Nilimtazama kaka. Nilitaka afoke, avunje kitu. Aliinama akaniwekea shuka sawa miguuni.

Kwenye ukoo habari ilifika vingine: eti damu zetu hazikupatana, mwili wangu umeikataa zawadi ya ndugu yangu. Shangazi ndiye aliyeieneza. Kaka anajua, na bado hupita kwake kula.

Siku hizi damu yangu husafishwa na mashine, na mara nyingi kaka ndiye anayenisindikiza. Juzi, sindano zikiwa mkononi mwangu, aliniuliza polepole:

"Mdogo wangu, shangazi anazeeka. Hujamsamehe tu?"

Nikamwambia nasikia usingizi, nikafumba macho.