Udongo wa Kwanza wa Milembe

Leonidas alipozaliwa pale Mwandoya, mkunga alimtazama miguu akamwambia Milembe, "Huyu atakumalizia mablanketi." Kweli akayamaliza. Alipofika kidato cha tatu alikuwa anainama kila mlango, na padri mmoja Mwitaliano aliyejenga kiwanja cha mpira wa kikapu parokiani akampeleka kwao Italia akacheze. Akacheza, akalipwa kwa kucheza, jambo ambalo baba yake, Paschal Ngassa, hakulielewa mpaka anaingia kaburini. Mtu mzima, mpira, mshahara!

Siku moja Leonidas akapiga simu. Timu ya ligi kuu ya Italia inamtaka, ila nafasi za wageni zimejaa. Akichukua uraia wa kule, anasajiliwa.

"Nichukue, mayu?" akamuuliza mama yake.

Milembe hakufikiri mara mbili. Kwao mtu huongezewa jina, hanyang'anywi. Mumewe alizaliwa Ngassa, akabatizwa Paschal, akapewa jingine kwenye ngoma, na aliitikia yote matatu. "Chukua, baba," akamwambia mwanawe. "Ubatizo haumfuti mtu."

Masikini mama wa watu! Alidhani uraia ni ubatizo. Na kijana ambaye hajawahi kumbishia mama yake akatia saini.

Kwa misimu michache akawa mtu. Picha yake akielea hewani na jezi ya bluu ilibandikwa hadi kwenye vibanda vya kuchaji simu pale senta. Kisha goti likachanika, likashonwa, likachanika tena. Timu ikamshukuru, ikamsahau. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

"Mwadila, mayu," Leonidas alimsalimu mama yake mlangoni mwaka 2022, ameinama, anachechemea.

Milembe alilia kwa furaha. Mwaka uliotangulia walimzika Ngassa bila mwana wa kumtupia udongo wa kwanza, akatupiwa na Yakobo, mtoto wa kaka yake. Aibu ile ilimkaa Milembe rohoni, naye akaapa kuwa yeye hatazikwa hivyo. Sasa mwanawe kaja kukaa, alime pamba, ashike mji wa baba yake.

Wakaenda ofisi ya kijiji kuandikisha shamba kwa jina la Leonidas. Mtendaji alikuwa Jenipha, aliyesoma na Leonidas shule ya msingi.

"Mama, ardhi ya kijiji hapewi mgeni."

"Mgeni nani?"

Jenipha hakumtazama Leonidas. "Alipochukua uraia wa kule, wa kwetu ulikufa. Sheria haitaki viwili. Nimeuliza mpaka uhamiaji, Bariadi. Ana viza ya matembezi, ikiisha aondoke."

"Lakini ni mimi niliyemwambia achukue!"

"Najua, mama. Pole."

Shamba likaenda kwa Yakobo, ambaye hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililouma zaidi. Milembe hakuwa na wa kumlaani ila ulimi wake mwenyewe.

Asubuhi ya safari alimshika Leonidas mkono, akampeleka nyuma ya zizi, kando ya kaburi la Ngassa.

"Mimi nitalala hapa. Tupa udongo."

"Mayu, mtu hatupiwi udongo akiwa hai."

"Nikifa utakuwa wapi?"

Kule Leonidas alikokuwa anarudi hakukuwa na timu wala mtu wa kumngoja. Akajaribu kupiga magoti, goti likakataa. Akainama akinyoosha mikono, na mikono ile iliyokuwa ikigusa kikapu bila shida haikufika chini.

Basi Milembe akachuchumaa mwenyewe, akachota udongo wa pale atakapozikwa, akanyanyuka taratibu, akamjazia mwanawe kiganja.

Leonidas akafungua vidole huku analia. Udongo ukaanguka kutoka juu kule, na upepo ukauchukua karibu wote kabla haujafika chini.

"Umetosha," akasema Milembe, ingawa alikuwa ameona.